Isolo, Bao na Kanuni za Kompyuta
Wasukuma wa Shinyanga na Geita huuita isolo mchezo ambao jamaa yake wa Zambia ni nsolo, na wa pwani yetu ni bao. Majina hayo humvutia mwanaisimu. Kompyuta haidai jina, hudai kanuni.

Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walikokotoa mpaka mwisho awari, mchezo wa Afrika Magharibi wenye mashimo 12 na kete 48: wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Mwaka huohuo Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht walieleza uundaji wa programu ya kucheza bao, lenye mashimo 32 na kete 64. Kabla yao Alex de Voogt alikuwa amejifunza kwa mafundi wa Zanzibar, na tasnifu yake ikatoka mwaka 1995. Namua, mtaji, takata, nyumba: kila neno ni kanuni nzima. Anayelikosea, programu yake hucheza mchezo mwingine.

Basi kompyuta imefunzwa bao kwa kinywa cha Zanzibar. Isolo nao una maneno yake. Lakini Geita, ambako dhahabu imekusanya makabila mengi chini ya Kiswahili, maneno hayo yaweza kumezwa. Mwanafunzi atokaye huko asingoje mashine. Na akae na wazee, aulize kila hatua yaitwaje, aandike. Neno lililozikwa na mwenyewe, kompyuta haitalifufua.