Ngozi Ikisaidia Sikio: Mtetemo wa Simu kwa Wazito wa Kusikia

Masikio ya mamangu yalianza kuwa mazito kidogo kidogo, nasi tukidhani anapuuza. Mgeni alipiga hodi mara tatu akenda zake, akisema amenyimwa mlango. Kilichonitia hofu hasa ni siku tuliyomwachia mjukuu. Mtoto alilia chumbani hadi sauti ikamkauka, na nyanyake yuko uani akikuna nazi, hana habari.

Tangu hapo nafuatilia vyombo vinavyogeuza sauti kuwa mtetemo. Si jambo geni. Miaka ya 1920 huko Marekani, Robert Gault wa Chuo Kikuu cha Northwestern aliunda Teletactor, chombo cha kuwawezesha viziwi kuhisi matamshi kwa vidole. Siku hizi mwanasayansi David Eagleman na wenzake wametoa bangili inayotetema mkononi kufuata sauti zilizo karibu.

Lakini ngozi si sikio. Sikio zima la kijana hupokea mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Ngozi huhisi vizuri zaidi karibu na 250, na ikipita 1,000 hivi haihisi kitu. Kwa hivyo usitarajie mzee aelewe mazungumzo kwa mkono. Kujua kwamba mlango unagongwa, hilo linawezekana.

Na huenda chombo chenyewe tayari unacho. Tangu 2020, simu za Android na iPhone zina huduma ya kutambua sauti kama kilio cha mtoto, mlango kugongwa na king'ora cha moshi, kisha simu ikatetema. Kwenye iPhone imo ndani ya mipangilio ya usaidizi. Kwenye Android huenda ukahitaji kupakua programu yake.

Nilimwekea mama, naye akaiacha simu juu ya kabati. Itamtetemesha nani huko? Tukaiunganisha na saa ya mkononi, ndipo ikafaa. Hodi ya mdomo haikuitambua hata siku moja, basi majirani tumewaomba wagonge.

Kabla ya kununua chochote, mpeleke mzee akapimwe. Wakati mwingine ni nta tu imeziba. Na watengenezaji wenyewe wanaonya huduma hii isitegemewe penye hatari, kwani hukosea, na chaji huisha. Mjukuu hatumwachi tena na nyanyake bila mtu mwengine nyumbani. Mama alinuna wiki nzima kwa hilo.