Msitu Uliolala Ardhini

Aliyepita Shinyanga mwaka 1985 aliona vumbi, visiki, na ng'ombe waliohesabika mbavu. Mkoa ulikuwa umekwisha kubandikwa jina: Jangwa la Tanzania. Lakini Usukuma, nchi ya Wasukuma hapo Shinyanga, haukuzaliwa jangwa. Ulifanywa hivyo, tena na watu ambao kila mmoja alikuwa na sababu nzuri.

Kisa kinaanzia kwenye sotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa huo ulifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki. Malisho yakakosa mlaji, vichaka vikafunga, na ndorobo, nzi waenezao malale, wakafuata vichaka. Waingereza walipoitwaa Tanganyika, adui wao akawa kichaka chenyewe. Charles Swynnerton, mkuu wa utafiti wa ndorobo, alifanya kazi yake kubwa hapo hapo Shinyanga, na kuanzia miaka ya 1920 watu kwa maelfu waliitwa na watemi wao kwenda kufyeka. Ndorobo walipungua kweli. Ardhi iliyobaki wazi ikaingiwa na pamba na mifugo, na kila mwaka shamba likasogea mbele kidogo.

Wasukuma walikuwa na akiba yao, ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa masika yanapoanza, kikafunguliwa kiangazi kikiwa kikali, kwa ajili ya ndama, maksai na ng'ombe wazee wasioweza kwenda mbali. Ilipofika Operesheni Vijiji ya serikali, mwaka 1974, familia zilihamishiwa vijijini zikaacha ngitili nyuma. Kisicho na mwenyewe kikaliwa mpaka mzizi. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi.

HASHI nao ulianza kama miradi mingi inavyoanza, kwa vitalu na miche. (Sijui kwa nini viongozi hupenda sana kupigwa picha wameshika mche, hakuna anayepigwa picha akiwa ameacha kitu kiote.) Jibu lilikuwa chini ya miguu yao. Mgunga uliokatwa haufi. Mizizi hubaki hai, nao huchipua kila mvua inaponyesha, mbuzi akapita na kula machipukizi. Msemo wa kisiki cha mpingo haukutungwa bure. Mzuie mbuzi miaka michache, kisiki kinakuwa mti, tena mti wenye mizizi ya zamani unaoufikia unyevu ambao mche wa kitalu hauufikii. Mbegu zilizolala udongoni nazo huamka.

Kwa hiyo kazi kubwa haikuwa kupanda bali kukubaliana. Dagashida, mkutano wa kimila, ukaweka sheria na faini. Sungusungu, waliozoea kusaka wezi wa ng'ombe, wakalinda majani. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, ngitili za Shinyanga ya wakati ule, kabla mkoa wa Simiyu haujamegwa, zilikadiriwa kuvuka hekta 300,000. Watafiti walihesabu ndani yake aina 152 za mimea, miti na vichaka kwa mitambaazi. Nani angeipanda yote hiyo? Kitalu huotesha kile ambacho afisa anakifahamu. Bibi wa Kisukuma anataka mti wa dawa ya tumbo, wa mpini wa jembe, wa kuni zisizotoa moshi mwingi, na ukwaju wa uji.

Na ndege walirudi, na nyuki, na kwa bahati mbaya fisi pia, jambo ambalo wafugaji hawakulishangilia.

Hata hivyo tusiipambe hadithi. Ngitili za kijiji zipo, lakini nyingi ni za kaya, na kaya zenye ardhi ya kutosha ndizo zenye ngitili kubwa. Mradi ulifungwa mwaka 2004, watu wakazidi kuongezeka na mashamba yakazidi kusogea. Kiangazi kinapokaza, mwenye majani humkodishia jirani asiye nayo, na bei wanapatana wao wawili, huku ng'ombe wakisubiri nje ya mpaka.