Fahamu Utaratibu wa Mgawanyo wa Mali za Ndoa Wanandoa Wanapoachana

Na Mwandishi Wetu

Ndoa inapovunjika, nyumba, viwanja, mashamba, akaunti za benki na hisa za kampuni zilizochumwa kwa miaka mingi mara nyingi huwa kiini cha mgogoro. Wapo wananchi wanaoamini kuwa kila kitu hugawanywa nusu kwa nusu, na wapo wanaoamini kuwa mali ni ya yule ambaye jina lake limo kwenye hati. Imani zote mbili hazilingani na sheria, na mwananchi anayezitegemea anaweza kupoteza haki yake kwa kuchelewa kukusanya ushahidi.

Kwa upande wa Tanzania Bara, suala hili linaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29. Sheria hiyo haitumiki Zanzibar, ambako Waislamu hupeleka mashauri yao ya ndoa na talaka katika Mahakama ya Kadhi.

Safari huanzia katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa

Kwa mujibu wa kifungu cha 101, mwanandoa hawezi kufungua ombi la talaka kabla ya kupeleka mgogoro wake katika Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha wanandoa, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, ambayo wananchi wengi huifahamu kama Fomu Namba 3. Ombi la talaka huambatanishwa na hati hiyo, nayo iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya ombi kufunguliwa.

Sheria imeweka nafuu kwa mazingira maalumu, ikiwemo pale mwombaji anapodai kuwa ametelekezwa na mwenza ambaye hajui alipo, au mwenza anapokataa kwa makusudi kuitikia wito wa Baraza. Aidha, ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili huhitaji kibali cha mahakama kabla ya kufunguliwa ombi la talaka.

Ieleweke kwamba Baraza halina mamlaka ya kuvunja ndoa wala kugawa mali. Vilevile, talaka iliyotamkwa nyumbani kwa ndoa ya Kiislamu haitoshi peke yake kuiwezesha mahakama kugawa mali. Baada ya Baraza kuthibitisha kushindwa kwa usuluhishi na talaka kutolewa, mahakama hujiridhisha na kutoa amri ya talaka, ndipo suala la mali linapoamuliwa.

Mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa yako katika Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu.

Mali zinazogawanywa

Kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka, inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, kugawa mali zilizopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja za wanandoa. Mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa hubaki kuwa yake, isipokuwa pale ilipoendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake au kwa juhudi zao wote wawili. Kwa mfano, kiwanja kilichonunuliwa kabla ya harusi kinaweza kuingia katika mgawanyo endapo nyumba iliyopo juu yake ilijengwa na wote wawili.

Kuhusu majina kwenye hati, kifungu cha 60 kinaeleza kuwa mali iliyoandikishwa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mali iliyoandikishwa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa wana haki sawa.

Mchango hauhesabiwi kwa fedha pekee

Katika kugawa mali, mahakama huzingatia mila na desturi za jamii ya wahusika. Mchango wa kila mmoja katika fedha, mali au kazi. Madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote. Na mahitaji ya watoto wadogo wa ndoa hiyo. Baada ya kuzingatia hayo, sheria inaitaka mahakama ielekee kwenye usawa. Usawa ndio mwelekeo, lakini hautolewi bila kupima ushahidi.

Kwa muda mrefu majaji wa Mahakama Kuu walitofautiana iwapo kazi za mama wa nyumbani ni mchango. Mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilimaliza mvutano huo kwa kuamua kuwa kazi za nyumbani na malezi ya familia ni sehemu ya juhudi za pamoja. Hata hivyo, mama aliyekata rufaa hakuongezewa chochote, kwa kuwa mumewe alikuwa amekwisha kumpa fedha ambazo alizifuja. Hivyo basi, kutambuliwa kwa mchango ni hatua moja, na kiasi cha kupewa ni hatua nyingine inayotegemea mazingira na ushahidi wa kila shauri.

Familia zenye mali nyingi

Pale familia inapomiliki biashara kubwa, ugumu huongezeka. Kampuni iliyosajiliwa ni mtu wa kisheria anayejitegemea; magari, maghala na viwanja vilivyoandikishwa kwa jina lake ni mali ya kampuni. Kinachoweza kugawanywa kati ya wanandoa ni hisa zao na thamani ya hisa hizo. Mwanandoa asiyejua mwenzake ana hisa ngapi anaweza kuanza kwa kupata taarifa za kampuni katika Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA).

Kwa ardhi na majengo, ni muhimu kupata taarifa ya mthamini aliyesajiliwa, kwani bei ya kukisia huzua ubishi usiokwisha. Nyaraka nyingine za kutunza ni mikataba ya mauziano, stakabadhi za vifaa vya ujenzi, taarifa za benki na mikataba ya mikopo. Deni linalodaiwa kuwa la familia nalo lithibitishwe kuwa lilitumika kwa manufaa ya familia.

Kulinda mali shauri likiendelea

Kifungu cha 59 kinamzuia mwanandoa kuuza, kuweka rehani, kupangisha au kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ikiendelea. Mwenza mwenye maslahi katika nyumba hiyo anaweza kuweka kaveti kwa Msajili wa Hati ili isihamishwe umiliki bila yeye kujua. Aidha, shauri likiwa mahakamani, mhusika anaweza kuomba amri ya zuio la muda dhidi ya uuzaji wa mali zinazobishaniwa. Hatua hizi huchukuliwa mapema, kwani kurejesha mali iliyokwisha kuuzwa kwa mtu wa tatu ni kazi ngumu.

Wakili na msaada wa kisheria

Mashauri yenye mali nyingi huhitaji wakili. Mwananchi anashauriwa kuhakiki uhalali wa wakili kupitia mfumo wa e-Wakili na kukubaliana naye gharama kwa maandishi.

Ipo hali ambapo familia ina mali nyingi, lakini mmoja wa wanandoa hana fedha mkononi kwa kuwa akaunti na hati zote ziko kwa mwenzake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamlenga mtu ambaye uwezo wake hautoshi kumlipa wakili. Mwananchi wa aina hiyo asikate tamaa kwa sababu tu anaishi katika nyumba ya thamani. Awaone watoa huduma ya msaada wa kisheria waliosajiliwa na kueleza hali yake halisi. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023 na kuratibiwa na Wizara ya Katiba na Sheria, nayo imekuwa ikiwafikia wananchi wenye migogoro ya ndoa, ardhi na mirathi.

Wanandoa wanahimizwa kuweka kumbukumbu za mali zao na kuandikisha kwa majina ya wote wawili zile wanazozichuma pamoja wakati bado kuna maelewano. Kumbukumbu hizo huwalinda wote wawili na watoto wao, iwe ndoa itadumu au itafika mahakamani.