MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Tunamshukuru Mungu kutufikisha miaka 10. Hisa, mikopo na mgao vimeelezwa kurasa nyingine. Mimi naomba nieleze historia ya daftari letu.

Utaratibu huu wa kuweka na kukopa ulianza Niger mwaka 1991, kwa akina mama wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo hesabu waliishika kichwani. Mpaka leo, kikao kikiisht twataja salio kwa sauti, na kikao kijacho twaulizana kabla ya kufungua sanduku. Wapo waliouona mchezo wa watoto.

Mwaka wetu wa tatu, wakati wa masika, upepo uliezua bati za nyumba lilimotunzwa sanduku. Fedha zilipona, lakini daftari lililowa, wino ukachuruzika, kurasa zikagandana. Maneno yakaanza. Mmoja alikuwa amelipa nusu ya mkopo wa mbegu za viazi, akaambiwa eti hajalipa kitu. Jamani, huyu akisema nimelipa na yule akisema hukulipa, hata ujirani unakufa.

Tukaitana, tukakaa kutwa nzima. Kwanza kila mmoja alitaja salio alilokumbuka, tukahesabu fedha, zikalingana. Pili, kila mtu alitoa kitabu chake cha hisa. Tatu, kila mwenye deni alisimama na wadhamini wake, wakasema mbele ya wote. Yule mama wa viazi wadhamini wake walimtetea, haki yake ikapatikana. Ndipo katibu akaandika daftari jipya, akalisoma kwa sauti, tukatia sahihi na dole gumba.

Hata serikali zimepata taabu hiyo. Wajerumani walipotawala, hapa kwetu Lushoto wakapaita Wilhelmstal. Katika Vita Kuu ya Kwanza, walipokuwa wanarudi nyuma mwaka 1916, walifukia majalada yao ardhini. Yaliyofukuliwa na kusalimika yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Lakini kitu kilichofichwa mahali pamoja hutegemea bahati ya shimo hilo.

Sisi tumeacha kutegemea bahati. Utaratibu wetu sasa ni huu:

1. Daftari hukaa ndani ya ndoo yenye mfuniko, juu ya meza, si sakafuni.
2. Nakala ya pili hukaa kwa mwanachama wa ng'ambo ya bonde, maana mvua ikiporomosha mlima haichagui nyumba.
3. Baada ya kikao ukurasa hupigwa picha kwa simu mbili.
4. Kitabu cha hisa hukaa kwa mwenyewe.
5. Salio hukaririwa na wote, hata wanaojua kusoma.
6. Mara moja kwa mwaka twafunga daftari kuu na kujaribu kuliandika upya kutoka kwa hayo mengine. Panapopungua twaparekebisha.

Mabinti mnaojiunga sasa, msichoke kutaja salio. Daftari laweza kulowa, simu yaweza kuibiwa, lakini wote hatuwezi kusahau siku moja. Umoja wetu ndio kabati letu.

 

Mwenyekiti