Shinkolobwe: mgodi na visasili vyake

Shinkolobwe ni mgodi uliofungwa, kiasi cha kilomita 20 magharibi mwa mji wa Likasi, Haut-Katanga. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka huko. Habari za mgodi huu kwa kawaida huandikwa kama habari za sayansi na vita. Hata hivyo, kila zama yake ilikuwa na kisasili chake, yaani simulizi ambayo watu waliiamini kiasi cha kuitegemea katika kuamua nani ashuke shimoni, nani aogopwe na nani adaiwe. Wala visasili hivyo havikuwa vya wanakijiji peke yao. Kampuni, majenerali na matajiri wa ng'ambo nao walikuwa na vyao.

Kabla ya Wazungu, madini yaliyotafutwa Katanga yalikuwa shaba. Mafundi wa Kisanga na wa Kiyeke waliifanya kazi hiyo wakati wa kiangazi, baada ya mtama kuvunwa. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, aliyeandika juu yao mwaka 1926, aliwaita wala shaba, kwa kufuata usemi wao wenyewe: kwenda machimboni kulikuwa kwenda kula shaba. Walichimba malakiti, jiwe la kijani, wakajenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi mpaka shaba ikayeyuka na kutiririka. Kazi haikuanza bila kuwaomba wahenga wenye ardhi. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Kati, mafundi wa namna hii walijitenga na wake zao mpaka tanuri lizimwe. Masharti hayo yalikuwa na faida iliyo wazi: yaliamua mwenye haki ya kuchimba ni nani, yakaweka msimu wa kazi, na siri ya ufundi ikabaki ndani ya ukoo.

Mwaka 1906 ilianzishwa Union Minière du Haut-Katanga, na haki hiyo ikahamia kwa kampuni. Mwaka 1915 mtafutaji madini wake, Mwingereza Robert Sharp, aliona huko Shinkolobwe mawe meusi mazito yaliyochanganyika na rangi za njano, kijani na machungwa. Yalikuwa mawe ya urani, tena yenye utajiri usio wa kawaida. Uchimbaji ulianza mwaka 1921, na mwaka uliofuata kiwanda cha Olen, nchini Ubelgiji, kikatoa radiamu yake ya kwanza. Muda si mrefu bei ya gramu moja, iliyokuwa imepita dola 100,000, ikashuka hadi takriban dola 70,000, na wachimbaji wa Marekani wakashindwa kushindana. Urani yenyewe ilikuwa makapi tu. Ilitumika zaidi kutia rangi vyombo vya kauri.

Kilichoipandisha radiamu bei hakikuwa tiba ya saratani peke yake. Ulaya na Marekani zilikuwa zimeingiwa na imani kwamba mng'ao wake ni uhai wenyewe. Yaliuzwa maji ya radiamu, krimu za uso, hata dawa ya meno. Eben Byers, tajiri na mcheza gofu wa Marekani, alikunywa chupa za dawa iitwayo Radithor miaka kadhaa mfululizo, mpaka mifupa ya taya lake ikaoza. Alikufa mwaka 1932, akazikwa katika jeneza lililotandikwa risasi. Wakati huohuo, Shinkolobwe, Waafrika walikuwa wakichambua mawe hayo kwa mikono na kuyatia magunini. Anayetafuta mahali pa kuonyesha kwamba jamii ya kisasa haiishi bila visasili hana haja ya kwenda kwa mganga wa kijijini. Matangazo ya magazeti ya New York ya miaka ya 1920 yanatosha.

Makambi ya wafanyakazi nayo yalikuwa na simulizi yao. Katika miaka ya 1930 na 1940 ilienea Katanga habari ya batumbula, watu waliosemekana kutumwa na Wazungu kuwakamata Waafrika usiku, kuwanenepesha na kuwala. Wengine waliwaita simba Bulaya. Msomaji wa pwani atawatambua mara moja: ni ndugu wa mumiani. Maofisa wa Kibelgiji waliicheka. Hakuna mwili ulioliwa, lakini simulizi haikuzuka hewani. Wanaume waliletwa kutoka mbali kwa mikataba, wakapimwa uzito, wakalishwa posho iliyohesabiwa, na wengine hawakurudi kwao. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai mishahara, Likasi (wakati huo Jadotville) na Elisabethville (sasa Lubumbashi), na askari wakawapiga risasi. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, aliuawa.

Kampuni ilijibu hofu hiyo kwa simulizi yake, na ikafanikiwa zaidi kuliko ilivyofanikiwa bunduki. Tangu mwaka 1928 ilikuwa imeanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na familia zao: nyumba, posho, shule, zahanati, kliniki ya watoto. Polepole watu wakazoea kusema kwamba Union Minière ni baba na mama. Ilipotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuwa Gécamines, ubaba huo ukarithiwa. Gécamines ilipoporomoka katika miaka ya 1990, watu hawakulalamika kama wafanyakazi waliovunjiwa mkataba. Walilalamika kama watoto. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Lubumbashi, aliviita vizazi hivyo wana wa Shaba waliotelekezwa na baba yao, na hilo ndilo jina la kitabu chake cha mwaka 2001.

Kisasili kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha ukimya. Mgodi ulikuwa umesimama na kujaa maji katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, radiamu ya Kanada ilipoingia sokoni. Barua iliyotiwa sahihi na Albert Einstein mwezi Agosti 1939 ilimwambia Rais Roosevelt kwamba chimbuko kuu la urani ni Kongo ya Wabelgiji. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe yaliyokwisha chimbwa hadi New York, yakawekwa ghalani huko Staten Island. Mnamo Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alimfuata ofisini kwake. Mazungumzo hayakuchukua hata saa moja, na masharti yakaandikwa kwenye karatasi ya njano. Mawe hayo yalikuwa na oksidi ya urani ya asilimia 65 hivi. Ya Marekani yenyewe hayakufikia hata asilimia moja. Mgodi ukanyonywa maji na kufunguliwa, na jina lake likaondolewa kwenye ramani. Sengier alipewa nishani na Marekani mwaka 1946. Ulimwengu ukasimuliwa bomu la wanasayansi wa jangwani, na filamu ya Oppenheimer ya mwaka 2023 bado inasimulia hivyohivyo, bila kuitaja Shinkolobwe.

Pengo hilo watu walilijaza kwa masimulizi yao. Wengi husema Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa kwa sababu ya urani. Aliuawa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito usiku wa tarehe 17 Januari 1961 huko Shilatembo, kando ya barabara ya kutoka Elisabethville kwenda Likasi. Lakini mashimo ya Shinkolobwe yalikuwa yamezibwa kwa zege mwaka 1960, na Marekani ilikwisha kupata urani kwingine. Kwa upande mwingine, Katanga ilipojitenga na Kongo, Union Minière iliilipa serikali ya kiongozi wake, Tshombe, kodi zilizoubeba utengano huo, na bila utengano Lumumba asingepelekwa huko kuuawa. Simulizi imekosea madini, lakini haikukosea kampuni.

Zege nalo halikudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachimbaji wa mikono walivamia eneo hilo kutafuta kobalti, na makazi ya maelfu ya watu yakaota. Imani za wala shaba zikarudi zikiwa zimevaa nguo mpya. Katika machimbo ya aina hiyo Katanga, chifu huombwa azungumze na wahenga kabla ya shimo kufunguliwa, na wanawake hukatazwa kushuka kwa madai kwamba madini yatakimbia. Hapa kisasili hakistahili kutetewa: kilichobaki kwa wanawake ni kuosha na kupepeta, kazi yenye ujira mdogo. Serikali ilipiga marufuku uchimbaji Shinkolobwe mnamo Januari 2004. Mwezi Julai shimo liliporomoka na kuua watu wasiopungua wanane. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliofika baadaye mwaka huo walionya kwamba hatari ya haraka zaidi ni maporomoko, na mionzi ni hatari ya muda mrefu. Hatari hiyo ya pili haionekani kwa macho, na wahenga hawakuiachia mwiko wowote.

Kanada ilipitia jambo linalofanana na hili. Wadene wa Déline, watu wa asili waliobeba magunia ya urani ya ziwa Great Bear, wana simulizi ya mzee aliyeota, kabla Wazungu hawajafika, watu weupe wakichimba shimo na kutoa kitu kilichowaangukia watu wa mbali waliofanana na Wadene. Mwaka 1998 wawakilishi wao walikwenda Hiroshima kuomba radhi. Serikali ya Kanada ikakaa nao mezani, na ripoti ya pamoja juu ya wabebaji hao ikatoka mwaka 2005. Ndoto ya mzee haikuwa ushahidi, ila iliwafanya watu wadai ushahidi.

Likasi ina masimulizi ya kutosha; inachokosa ni meza kama hiyo. Nyaraka za Union Minière zimehifadhiwa Brussels, katika Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji. Ubelgiji na serikali ya Kongo zinapaswa kuhakikisha kwamba nakala za zile zinazohusu wafanyakazi wa Shinkolobwe zinawekwa Likasi, mahali ambapo wajukuu wa waliochambua mawe yale wanaweza kuzisoma.