Clyno: Kampuni ya magari iliyoponzwa na bei nafuu

KATIKA mwaka wa 1926, ni kampuni mbili tu za Uingereza, Morris na Austin, zilizounda magari mengi kuliko Clyno ya mjini Wolverhampton. Mwaka huo pekee kiwanda chake kilitoa magari zaidi ya 12,000. Kufikia mapema 1929, mali yake ilikuwa mikononi mwa mfilisi.

Waasisi wake walikuwa mabinamu wawili, Frank na Ailwyn Smith, walioanzia shughuli zao Thrapston, katika kaunti ya Northamptonshire. Jina Clyno lilichongwa kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kuinama, kwa sababu bidhaa yao ya awali ilikuwa puli ya pikipiki yenye kingo zilizoinama. Mnamo 1910 walihamia Wolverhampton, na katika Vita vya Kwanza vya Dunia waliliundia jeshi la Uingereza pikipiki zenye vigari vya pembeni vilivyobeba bunduki za rashasha za Vickers.

Gari lao la kwanza kuuzwa lilitokea 1922. Lilikuwa la nguvu-farasi 10.8 kwa kipimo cha ushuru cha enzi hizo, na injini yake ilinunuliwa kutoka kwa Coventry Climax. Wanunuzi walilisifia kwa usukani wake mwepesi na uendeshaji usiochosha. Halikuwa gari duni hata kidogo, jambo linalofaa kukumbukwa na wanaodhani kuwa kampuni hufa kwa ubovu wa bidhaa tu.

Tatizo lilikuwa bei. William Morris alikuwa ameanza kupunguza bei za magari yake tangu 1921, na Clyno iliamua kumfuata hatua kwa hatua: Morris Cowley iliposhuka, Clyno nayo ilishuka. Lakini wawili hao hawakuwa na kifua kimoja. Morris alikuwa akinunua viwanda vilivyomuuzia vipuri, kikiwemo kile cha injini cha Hotchkiss mjini Coventry mnamo 1923, hivyo faida ya msambazaji ikawa yake. Clyno, yenye mtaji mdogo, iliendelea kuwalipa wengine huku faida yake kwa kila gari ikipungua.

Badala ya kupunguza mwendo, wakuu wake walijenga kiwanda kikubwa kipya Bushbury, nje kidogo ya Wolverhampton, na kuhamia humo 1927. Deni la ujenzi likaongezeka juu ya faida iliyokwisha kukonda. Pigo jingine lilitoka kwa ndugu wa Rootes, wauzaji wakuu wa magari hayo, walioelekeza nguvu zao kwa Hillman na Humber.

Karata ya mwisho ilichezwa 1928: gari dogo lililoitwa Century, kwa bei ya pauni 112 na shilingi 10. Ili bei hiyo iwezekane, ilibidi kubana gharama kila mahali, na wanunuzi waliona. Mafundi na wauzaji waliligeuza jina hilo kwa mzaha, wakaliita kwa neno la Kiingereza linalokaribiana nalo kwa matamshi na ambalo maana yake ni makaburi.

Clyno ilipovunjwa, kampuni ya R.H. Collier ya Birmingham ilinunua mabaki ya mali yake, vikiwemo vipuri.