Nani mkali wa spini kuliko wote?

Vijana wenzangu, leo twende kwenye kriketi. Kuna warushaji wanaotegemea kasi, na kuna wa spini: mpira wao unakuja polepole, ila wameuzungusha kwa vidole au kifundo cha mkono, ukidunda unakata kona. Ubishi ni huu: nani mkali zaidi katika historia?

Jim Laker wa Uingereza, mwaka 1956 pale Old Trafford, Manchester, alichukua wiketi 19 kati ya 20 za Australia katika mechi moja. Wapo wanaosema alibebwa na uwanja, maana enzi zile haukufunikwa mvua ikinyesha. Sawa, lakini Tony Lock, naye wa spini, alirusha uwanja uleule akapata 1 tu.

Mwaka 1993, hapohapo Old Trafford, Shane Warne wa Australia alirusha mpira wake wa kwanza kabisa dhidi ya Uingereza. Ulidunda nje ya miguu ya Mike Gatting, ukakata, ukagonga wiketi. Gatting alibaki ameduwaa. Warne alistaafu na wiketi 708 katika mechi 145 za Testi, zile za siku 5. Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka akampita: wiketi 800, mechi 133.

Kwa hiyo Murali ndiye namba moja? Ngoja kwanza. Laker alicheza Testi 46 tu, akapata 193. Namba inahesabu kipaji, lakini inahesabu na nafasi pia.

Ndiyo maana namtaja Rashid Khan. Kriketi ya Afghanistan ilikulia kwa wakimbizi, kwenye kambi za Pakistan. Rashid mwenyewe alizaliwa Nangarhar mwaka 1998, na familia yake ilikimbilia Pakistan kwa sababu ya vita. Nchi yake ilicheza Testi ya kwanza 2018. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 20, aliiongoza kama kapteni dhidi ya Bangladesh kule Chattogram: wiketi 11, na wakashinda.

Kwa wiketi, Murali. Kwa mechi moja, Laker. Ila Rashid hatafika 800, maana Testi anazopata ni chache mno, si kwamba mkono wake ni dhaifu.

Basi nyinyi mnaopanga miradi ya michezo kambini: mpira mmoja hautoshi, tupeni na ratiba ya mechi. Na wewe kijana, kura yako ni ya nani?